Hakuna Tembe ya Kumfanya Mtoto Aongee

Hotuba kwa wazazi na walezi, Siku ya Usonji Duniani, Aprili 2



Mama mwenye mtoto wa usonji huniuliza: "Daktari, hakuna dawa ya kumfanya aongee?" Kufikia sasa, hakuna tembe iliyothibitishwa kuleta usemi. Risperidoni, wanayoandikiwa baadhi ya watoto, hupunguza hasira kali na tabia ya kujiumiza. Mtoto akitulia anaweza kujifunza vizuri zaidi, lakini dawa yenyewe haimfundishi maneno. Tena huleta usingizi na kuongeza uzito. Usiinunue bila daktari, wala usiikatize ghafla.

Maneno huja kwa mazungumzo. Masikio yapimwe kwanza, kisha aanze tiba ya usemi. Nyumbani, ongea naye kwa lugha yenu, iwe Dholuo au Kiswahili. Taja maji, taja samaki, halafu ngoja ajibu, hata kwa kidole.

Usonji si chira. Mtoto akifika miezi 16 bila neno hata moja, msisubiri: mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, mtapewa rufaa hadi Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga.