Kabati la Nyuma ya Sakristia
Maneno ya wakatekista wa parokia katika mkutano wa jubilei



Sisi wakatekista tumeombwa kusema juu ya hazina za parokia yetu. Labda mlingoja tuwasifie kalisi au kengele. Lakini sisi tutasema juu ya kabati la mbao lililo nyuma ya sakristia, ambalo watoto huliita kabati la mchwa. Tulilifungua kwa kutayarisha sikukuu hii. Na yale tuliyoyakuta ndani yalitufurahisha, kisha yakatuhuzunisha.

Tuanze na furaha. Tulikuta misale ya Kilatini na vitabu vya sala vilivyochakaa kwa mikono ya wazee wetu. Tulikuta kamusi ya Kiswahili ya Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, iliyochapwa Paris mwaka 1939, yenye kurasa zaidi ya 1,000. Padri huyo alifanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, akakusanya maneno ya watu wa pwani, hata majina ya miti na majani. Kando yake kilikaa kitabu cha John Whitehead, mmisionari wa Kibatisti, kiitwacho Manuel de Kingwana, kilichotoka Wayika, kwenye mto Lualaba, mwaka 1928. Mapadri wageni wetu watatabasamu: Mkatoliki na Mprotestanti wamekaa miaka mingi ndani ya kabati moja, wala hawakugombana!

Tena kuna fundisho hapo. Wako wanaodharau Kingwana, wakisema ni lugha ya soko na ya misafara tu. Kumbe watu wa elimu walikaa chini, wakawasikiliza wenye lugha, wakaandika. Nasi tunaoisali kila siku, tumeandika nini?

Lakini hazina kubwa kuliko zote haina jalada zuri. Ni mabuku ya ubatizo, pamoja na daftari za wakatekista wa zamani. Padri Gabriel Grison, aliyekuwa baadaye askofu wa kwanza wa nchi hii, alianzisha Misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na Stanley Falls mwaka 1897. Jina lake limo katika vitabu vya historia. Majina ya wakatekista waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji, wakifundisha sala chini ya miti, hayamo humo. Yamo katika daftari hizi: jina la kijiji, hesabu ya wanafunzi, nani amefika, nani ni mgonjwa, nani amekufa kabla ya kubatizwa. Wale kati yetu waliopita seminari ndogo waliwasomea wenzao Kilatini cha mabuku ya ubatizo, na kila jina liliposomwa, mmoja wetu alisema: «Huyu ni babu yangu.»

Sasa tuseme huzuni. Mji wetu umepata mateso makubwa. Mwaka 1964, wakati wa maasi, misioni nyingi ziliporwa, na Wamisionari 28 wa Moyo Mtakatifu waliuawa, Askofu Joseph Wittebols wa Wamba akiwa mmoja wao. Mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipigana Kisangani siku sita. Karatasi zilipotea pamoja na watu. Walakini tusiweke kosa lote juu ya vita. Mvua iliyovuja juu ya kabati letu haikuwa askari. Na kurasa za katekisimu zilizofungia karanga sokoni, ni sisi wenyewe tuliozitoa.

Mama mmoja mzee alikuja kwetu kutafuta ubatizo wake, kwa sababu karatasi zake ziliungua, na ukoo ulikuwa ukibishana juu ya baba yake. Tulikuta jina lake, tarehe, na jina la mama wa ubatizo. Mahali pa jina la baba palikuwa tundu la mchwa. Mama aliweka kidole juu ya tundu lile, akanyamaza. Wandugu, ukurasa ule ulikuwa mikononi mwetu.

Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaagiza kila parokia iwe na mabuku ya ubatizo, ya ndoa na ya wafu, na mabuku ya zamani yatunzwe kwa uangalifu. Hii si kazi ya Padri peke yake.

Tuuteremke mto wetu mpaka Bamanya, karibu na Mbandaka, tuone mfano. Mapadri Gustaaf Hulstaert na Edmond Boelaert walianzisha huko jarida la Aequatoria mwaka 1937, na nyumba ya vitabu ikakua pamoja nalo. Katika miaka ya 1950, Padri Boelaert aliwaomba Wamongo waandike, kwa lugha yao, yale waliyoyasikia kwa wazee juu ya kufika kwa Wazungu. Karatasi hizo zilitunzwa. Mwaka 1995 na 1996 zilichapwa katika Annales Aequatoria, na dunia ikasikia mateso ya wakati wa mpira kwa maneno ya wenyeji wenyewe. Kama mtu mmoja angezitupa, sauti hizo zingezikwa mara ya pili.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, kabati lihamishwe mahali pakavu, liinuliwe juu ya matofali, na kila buku la ubatizo linakiliwe. Pili, kila jamaa iliyo na kitabu, barua au picha ya zamani ituletee tuinakili, kisha tutairudisha. Tatu, vijana wanaojua kuandika waketi na wazee wao kabla ya mwisho wa mwaka huu wa jubilei, waandike kwa Kingwana yale wanayoyakumbuka.

Bwana Yezu alituambia tufurahi kwa kuwa majina yetu yameandikwa mbinguni. Huko mchwa hawafiki. Hapa duniani, ulinzi wa majina ameuacha mikononi mwetu. Mungu awabariki.