Mashine ya baridi: namba mbili za kuuliza kabla ya kulipa

 

Komite iliniomba niseme juu ya ile klimatizeri. Habari mnaijua: ndugu mmoja wa Goma anataka kutuletea klimatizeri ya BTU 12,000 ili tufunge chumba cha maziwa, na mfadhili ameuliza tunahitaji jenereta ya nguvu gani. Nilipofika leo, mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, baridi ya Muheto haitoshi mpaka tununue ingine?" Watu walicheka. Mimi sikucheka sana, nitarudi kwa swali lake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipoanza kazi, mahali pengine, niliandika ombi la jenereta kwa ajili ya klimatizeri mbili za ofisi. Kwenye karton niliona 12,000, nikadhani ni wati 12,000 kila moja. Nikaomba jenereta ya kilowati 30, ikanunuliwa. Ilikunywa mazutu kama ng'ombe aliyekosa maji siku tatu. Na kwa kuwa ilizunguka bila mzigo wa kutosha, injini ilijaa masizi, ikafa kabla ya mwaka kuisha. Na mimi nilikuwa na diploma ya chuo kikuu, njo maana hakuna aliyeniuliza kitu.

Ile 12,000 si umeme. Ni joto ambalo mashine inaweza kutoa chumbani kwa saa moja. Mashine haitengenezi baridi, wandugu. Inachukua joto la ndani na kulitupa inje, kama mtu anayetoa maji ndani ya mtumbwi kwa kopo. Maji yanayotoka ni jambo moja, na nguvu ya mkono ni jambo lingine. BTU 12,000 kwa saa ni sawa na wati 3,500 za joto, lakini umeme unaoliwa na mashine nzuri ni wati 1,000 mpaka 1,200 hivi. Kwenye kibandiko cha nyuma mtaona maneno mawili ya Kifaransa: "puissance frigorifique", hilo ni joto linalotolewa, na "puissance absorbée", huo ni umeme. Mkimwandikia mfadhili juu ya jenereta, mpeni namba ya pili.

Hata hiyo haitoshi. Kompresa ya aina ya zamani, wakati wa kuwaka, inavuta umeme mara 3 mpaka mara 6 kwa kitambo kidogo sana. Jenereta ya kilowati 2 itakohoa na kuzimika. Zile za inveta zinaanza polepole, ni afadhali. Na huku kwetu milimani hewa ni nyepesi: injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Jenereta inayotosha kule pwani itachoka hapa, muuzaji akubali ao akatae.

Sasa maziwa. Tuseme asubuhi tunakusanya lita 300, yakiwa na digrii 35. Kuyafikisha digrii 4 ni kutoa karibu kilowati-saa 10 za joto. Kwenye karatasi, klimatizeri yetu ingemaliza kazi hiyo kwa saa 3. Lakini klimatizeri ya nyumba inajizima chumba kikifika digrii 16! Na hewa inachukua joto la bidoni polepole sana. Jioni utakuta chumba kina baridi, wewe umevaa koti, na maziwa yamekwisha kuwa makali. Wengi wenu mlirudi mkakuta zizi tupu, na leo mama ana ng'ombe mmoja ao wawili tu. Bidoni moja ikimwagwa, hiyo ni minerval ya mtoto.

Tenki la kweli la maziwa, lenye mashine yake, litakula kilowati-saa 4 hivi kwa hizo lita 300. Pano ya wati 300 inatoa kama kilowati-saa 1.2 siku ya jua zuri. Basi pano 4 ni za chini kabisa, na mvua yetu mnaijua, na maziwa ya jioni yatataka batri. Umeme wa Matebe uliowashwa 2015 unasaidia Goma na Rutshuru, sisi haujatufikia.

Njo narudi kwa mama yangu. Maji ya kijito yakiwa na digrii 15, bidoni zikisimama ndani yake na mtu akikoroga, maziwa yanaweza kushuka mpaka 18 hivi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kazi, bila tone la mazutu. Maziwa ya digrii 18 hayawezi kulala na kwenda Goma kesho yake. Lakini siku ileile yanatosha kwa fromaji, lita 10 kwa kilo moja, na fromaji ya Masisi imeshafika mpaka Kinshasa. Chumba cha kuikomaza kinataka digrii 10 mpaka 14, na hizo milima inatupa usiku bure.

Kituo cha afya ni habari ingine kabisa. Chanjo zinataka digrii 2 mpaka 8, mchana na usiku, hapo hakuna kijito kinachosaidia. Kuna frigo za chanjo zinazofanya kazi kwa jua bila batri, zinatunza baridi ndani ya barafu yao. Kama kuna pesa ya umeme, mimi ningeanzia hapo. Na tafadhali, tusiombe kuweka maziwa humo, wala kuchaji telefone kwenye pano yake.

Kwa ndugu wa Goma: aksanti sana, lakini usitume mashine kwanza. Tutumie picha ya kibandiko. Kipimajoto ninacho. Kuanzia kesho vijana wawili watapima maji ya kijito asubuhi na jioni, majuma mawili, na namba zote wataziandika kwenye daftari la komite.