Nani Atamlipa Mchambuzi? Ufadhili wa Utafiti wa DNA Isiyounda Protini



Nimeombwa kuzungumzia ufadhili wa uchambuzi, kwa kompyuta, wa sehemu za DNA zisizounda protini. Fasili mnazijua, nitazipita mbio. Kwa binadamu sehemu hizo ni karibu asilimia 98 ya jenomu nzima. Zamani ziliitwa takataka. Leo tunajua kwamba humo ndimo zilimo swichi za kuwasha na kuzima jeni. Mfano wa karibu ni ule wa mwaka 2007, uliotokana na sampuli za watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan: badiliko la herufi moja ndani ya jeni ya MCM6, mahali pasipounda protini, huwawezesha wafugaji wengi wa kwetu kunywa maziwa ukubwani bila kuumwa tumbo. Damu ilitoka huku, utafiti ukaongozwa kutoka Marekani. Nitalirudia hilo.

Sasa kahawa. Chulebuni, ugonjwa unaoshambulia matunda ya kahawa, iliripotiwa Kenya mwaka 1922. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, hapa jirani Ruiru, iliijibu kwa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, kisha Batian mwaka 2010. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliobainisha mahali pa Ck-1, jeni ya kinga dhidi ya ugonjwa huo. Miongoni mwa alama zilizosaidia kuipata ni vipande vifupi vya DNA vinavyojirudiarudia, visivyounda protini yoyote. Kwa alama kama hizo, mche waweza kuchaguliwa kwa jani lake tu, miaka kadhaa kabla ya kuzaa.

Lakini DNA inayojirudia ina ugumu wake. Jenomu ya robusta, iliyochapishwa mwaka 2014, ina herufi kama milioni 710, na karibu nusu yake ni vipande vinavyojinakili. Arabika ni mbaya zaidi: imebeba jenomu mbili zinazofanana mno, moja ya ukoo wa robusta na nyingine ya ukoo wa eugenioides. Kipande kifupi cha DNA kikiingizwa kwenye kompyuta, hupata mahali pengi pa kukaa. Programu hukisia. Anayeamua kama imekisia vyema ni mtu, na mtu huyo hujengeka kwa miaka.

Mtu huyo hana mlipaji. Sisemi kwa niaba ya taasisi yoyote, na wafadhili nawaheshimu. Lakini fomu za bajeti nilizojaza miaka yote hii zina safu ya kemikali, ya usafiri, ya warsha, hata ya vitafunio. Mchambuzi huingizwa kama mwanafunzi wa uzamili mwenye posho. Akihitimu, ndipo ameanza kuijua data, naye anaondoka. Mradi wa miaka miwili au mitatu unafungwa, data iko kwenye diski ndani ya kabati, na baada ya muda mshirika wa ng'ambo anaiomba. Tunampa. Tungefanyaje? Jina letu linatokea katikati ya orodha ya waandishi. Mfadhili mmoja alikubali kununua seva lakini akakataa kulipia umeme na fundi wake, kwamba hayo ni “gharama za kawaida”.

Serikali nayo? Sheria ya Kenya ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Kiwango hicho hakijafikiwa kamwe.

Napendekeza, kwa unyenyekevu, mshahara wa mchambuzi uwe na safu yake kwenye fomu, usifichwe ndani ya posho. Miradi ya uchambuzi ipewe miaka mitano. Asilimia 2 itekelezwe, walau kwa hatua zilizotangazwa mapema. Taasisi za Ruiru, Juja na Thika zitumie mtambo mmoja kupitia KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, badala ya kila moja kuomba seva yake ndogo. Umeme na fundi viwekwe bajetini tangu mwanzo. Data ikitoka nje, mkataba utaje nani wa huku atakayeongoza uchambuzi, na alipwe. Wahitimu wanaobaki wapewe ajira, wala si posho. Hilo ni lile lile pendekezo la kwanza, nalirudia makusudi. Naomba sekretarieti iyapeleke haya kwa Hazina ya Utafiti kabla ya mwito ujao wa maombi, fomu ikiwa bado inaweza kubadilishwa.