Nchi Jirani: Mkataba wa Daktari Bingwa



Askari anapotia sahihi mkataba wake wa kwanza wa utumishi, hajidanganyi juu ya maana ya karatasi ile. Anajua kwamba kuanzia siku hiyo hatachagua mkoa wa kufanyia kazi, wala mahali pa kulala, wala saa ya kuamka. Akiteuliwa kwenda kozi ndefu, ndani au nje ya nchi, anajua vilevile kwamba ujuzi atakaorudi nao si mali yake peke yake. Kwa sababu hiyo tumeona vyema, katika mazungumzo yetu ya leo, kuwaletea ninyi mlioko makambini, vituoni na mipakani jambo ambalo limewashughulisha majirani zetu kwa miaka mingi, nalo ni mkataba unaomlazimu daktari kuitumikia serikali baada ya kusomeshwa ubingwa.

Shauri lenyewe ni hili. Daktari aliyemaliza shahada ya kwanza na mafunzo ya vitendo anajua kutibu malaria, kuzalisha na kushona jeraha. Lakini mpiganaji aliyevunjwa mfupa wa paja kwa risasi, au mama aliyepasuka kizazi usiku wa manane, anahitaji mkono wa bingwa, na bingwa hapatikani ila kwa kumrudisha daktari chuoni kwa miaka mingine mitatu, minne au zaidi. Katika miaka hiyo serikali humpa ruhusa, huendelea kumlipa mshahara, na pengine humlipia karo. Naye hutia sahihi, pamoja na wadhamini wake, kwamba akihitimu atarudi kuitumikia serikali kwa muda uliotajwa, na kwamba akivunja ahadi hiyo atarudisha fedha.

Wapo waliosema kuwa kumfunga mtu namna hiyo ni kumtumikisha kwa nguvu. Hoja hiyo ilifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya India, nchi ambayo majimbo yake mengi yana mikataba ya aina hii. Madaktari walidai kwamba masharti hayo ni kazi ya kulazimishwa inayokatazwa na katiba yao, na kwamba yanawanyima haki ya kuchagua kazi. Mwezi Agosti 2019 mahakama iliwakatalia. Ilisema serikali hutumia mali nyingi kuwafundisha madaktari hao, na maskini wasio na uwezo wa kulipia tiba nao wana haki yao. Hata hivyo, kwa kuwa kila jimbo lilikuwa na miaka yake na faini yake, mahakama iliitaka serikali kuu kutafuta utaratibu mmoja kwa wote.

Kwa maoni yetu hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini mahakama hukata shauri la haki tu; haiwezi kumpeleka daktari kijijini na kumfanya akae. Huko huko India kuna chuo cha udaktari cha majeshi, katika mji wa Pune, ambacho wahitimu wake hulazimika kuingia jeshini wakiwa maofisa. Na jeshi, kama mnavyojua, halimpokei ofisa wake mikono mitupu. Humpa cheo, kikosi, hospitali yenye ngazi zake za amri, na njia inayojulikana ya kupanda. Mkataba wa namna hiyo una sahihi mbili, na kila sahihi ina mzigo wake.

Tuje kwa jirani yetu wa kaskazini. Kwa katiba ya mwaka 2010, Kenya iligawa madaraka, na mwaka 2013 huduma za afya, pamoja na watumishi wake, zikapelekwa kwa serikali 47 za kaunti. Daktari ambaye mwajiri wake alikuwa wizara moja mjini Nairobi alijikuta mtumishi wa gavana. Tangu hapo kaunti ndiyo inayobeba mshahara wa daktari aliye masomoni, na huku nafasi yake hospitalini imebaki wazi. Haishangazi kwamba baadhi ya kaunti zimekuwa nzito kutoa ruhusa ya masomo, na zimelalamika kwamba wanaokwenda hawarudi. Madaktari nao wamelalamika kwamba wanaorudi hawapokelewi.

Tuchukue mfano wa daktari mmoja, bila jina, maana wako wengi wa namna yake. Amekaa miaka mitano akijifunza upasuaji katika hospitali kubwa ya rufaa, ambako kila asubuhi kuna mtaalamu wa usingizi, damu katika benki ya damu, mashine ya eksirei inayofanya kazi, na wauguzi waliozoea chumba cha upasuaji. Anarudi kwenye kaunti yake kulipa deni. Chumba cha upasuaji kipo, lakini taa yake kubwa imeungua. Mtaalamu wa usingizi ni mmoja naye yuko likizo. Mgonjwa aliyevunjika nyonga anaandikiwa rufaa ya kwenda Nairobi au Eldoret, na anayeiandika ni bingwa yule yule aliyesomeshwa ili rufaa hiyo isiandikwe. Ameutimiza mkataba, maana yuko kazini na jina lake limo katika daftari la mahudhurio. Baada ya miaka yake kwisha, hospitali ya binafsi mjini inampigia simu.

Na pale serikali inapochelewa kutimiza neno lake, daktari huiona karatasi yake kwa jicho jingine. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma, na hawakurudi kazini hadi katikati ya Machi 2017, siku 100 baadaye. Kiini cha ugomvi kilikuwa makubaliano yaliyotiwa sahihi mwezi Juni 2013 baina ya chama chao na serikali kuhusu mishahara na hali ya kazi, ambayo miaka mitatu baadaye yalikuwa hayajatekelezwa. Serikali ilisema makubaliano hayo hayakusajiliwa mahakamani na kwa hiyo hayana nguvu. Februari 2017 viongozi wa chama wakapelekwa gerezani kwa kudharau amri ya mahakama, na baada ya siku mbili wakaachiliwa. Machi 2024 mgomo ukazuka tena, mara hii wa siku 56, na miongoni mwa madai yalikuwamo malimbikizo ya mkataba mwingine uliotiwa sahihi mwaka 2017.

Ninyi mnaotusikiliza hamna ruhusa ya kugoma, na mna haki ya kuuliza ni kiapo gani kinachomruhusu daktari kumwacha mgonjwa kitandani. Swali hilo ni zito, wala hatulipuuzi. Wagonjwa waliokosa tiba siku zile hawakuwa wametia sahihi karatasi yoyote. Lakini serikali inayosema kwamba sahihi yake yenyewe haina nguvu kwa sababu ya muhuri mmoja uliokosekana, itamwambia nini daktari kijana anapoletewa fomu ya kujifunga kwa miaka kadhaa?

Baada ya mgomo huo wa kwanza na sisi Watanzania tuliingia kidogo katika jambo hilo. Machi 2017 Rais Magufuli alikubali ombi la Kenya la kupelekewa madaktari 500. Baadhi ya madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, na mahakama ikasimamisha mpango huo, hoja yao ikiwa kwamba Kenya yenyewe ina madaktari wasio na ajira. Huku kwetu, Watanzania 258 waliokuwa wameomba nafasi hizo na kuonekana wanafaa, Rais aliagiza waajiriwe hapa hapa nyumbani. Kwa maneno mengine, katika mwezi mmoja nchi mbili jirani, zote zikiwa na wodi zenye upungufu wa madaktari, ziligundua kwamba zina madaktari waliokaa bila kazi. Pengo lilikuwa la ajira na mishahara, na pengo hilo haliwezi kuzibwa na mkataba wa kumzuia mtu asiondoke.

Zambia, jirani yetu wa kusini-magharibi, ilijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 2003, kwa msaada wa fedha za Uholanzi, daktari aliyekubali kwenda wilaya za mbali alipewa mkataba wa miaka mitatu wenye posho ya kila mwezi inayopanda kwa kadiri ya ugumu wa mahali, msaada wa kusomesha watoto, na nafasi ya kukopa. Akimaliza miaka yake, alisaidiwa kwenda kusomea ubingwa. Tafadhali angalieni mpangilio huo. Kenya humsomesha daktari kwanza kisha hudai utumishi. Zambia iliomba utumishi kwanza kisha ikatoa masomo. Mdeni katika utaratibu huo ni serikali, na daktari ndiye anayehesabu siku. Hatusemi kwamba mpango huo haukuwa na dosari. Ulitegemea fedha za wageni, na mwaka 2009, baada ya tuhuma za wizi wa fedha katika wizara ya afya ya nchi hiyo, Uholanzi na Sweden zilisimamisha misaada yao kwa sekta hiyo. Ahadi inayolipwa kutoka mfuko wa mwingine hukatika siku mwenye mfuko anapokasirika.

Pamoja na hayo, si kweli kwamba kila bingwa wa Afrika yuko njiani kuelekea Ulaya. Hapa Arusha yapo makao makuu ya Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho humfundisha daktari upasuaji katika hospitali anamofanyia kazi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 uliwafuatilia wapasuaji zaidi ya 1,000 waliohitimu katika nchi za eneo hili kati ya mwaka 1974 na 2013. Uliwakuta kiasi cha asilimia 85 wangali katika nchi walizosomea, na asilimia 93 wangali barani Afrika. Tatizo basi ni dogo kuliko linavyosimuliwa, na lina sura nyingine: bingwa hubaki nchini, lakini hubaki mjini.

Mpaka wa Kenya na Somalia unaonyesha ugumu wa kumtoa mjini. Mwaka 2018 Kenya ilileta mabingwa 100 kutoka Cuba, ikawagawa katika kaunti, zikiwemo zile ambazo kwa miaka mingi hazikumwona bingwa. Wakati huo huo ilipeleka madaktari wake 50 kusoma Cuba. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 2019, mjini Mandera, Wacuba wawili waliokuwa njiani kwenda kazini, mmoja wao mpasuaji, walivamiwa na watu wenye silaha na kuvushwa mpaka. Askari polisi mmoja aliyekuwa akiwalinda aliuawa pale pale barabarani. Mwaka 2024 kundi la Al-Shabaab lilidai kwamba madaktari hao wawili wamekufa katika shambulio la ndege huko Somalia.

Hakuna fomu ya masomo inayotaja askari yule, lakini bila mtu wa namna yake hakuna daktari atakayelala Mandera, awe amefungwa kwa mkataba au amekwenda kwa hiari. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliumaliza mpango wa madaktari wa Cuba, ikasema kazi hiyo itafanywa na Wakenya wenyewe. Wagonjwa waliokuwa mikononi mwa wageni hao wangali katika wodi zile zile. Mabingwa wanaotazamiwa kuwahudumia ni vijana walioko masomoni Nairobi, Eldoret na kwingineko, na sahihi zao zimo tayari katika mafaili ya kaunti.