Mtoto Mwenye Pasi Mbili

Katika mazungumzo yetu ya leo tutasema juu ya jambo ambalo laonekana dogo mezani pa afisa, lakini ni kubwa nyumbani kwa mwananchi. Nalo ni uraia na pasi za watoto ambao wazazi wao wamehamia nchi za nje. Twasema hasa nanyi, askari wa jeshi na wa polisi, kwa sababu mbili. Kwanza, hapa Burundi kazi ya uhamiaji imo mikononi mwa polisi, na mtoto arudiye kwao huonana na sare yenu kabla ya kuonana na bibi yake. Pili, ninyi nanyi ni wazazi, na wengi wenu mna ndugu walio mbali.

Ukienda Mutakura, kule kaskazini mwa mji wa Bujumbura, ni nadra kukuta ua usiokuwa na jamaa Kigoma, Uvira, Bruxelles au Montréal. Wako walioondoka katika misiba ya mwaka 1972, wako walioondoka mwaka 1993, na wako wa mwaka 2015. Wako pia waliokwenda kwa amani kabisa, wakifuata masomo, kazi au ndoa. Wote hao wamezaa watoto huko waliko. Watoto hao ni nani mbele ya sheria?

Sheria ya uraia ya Burundi ya tarehe 18 Julai 2000 yajibu kwamba mtoto wa baba Mrundi ni Mrundi tangu kuzaliwa, hata akizaliwa ugenini. Sheria hiyo hiyo ilimruhusu Mrundi kuwa na uraia wa nchi nyingine pasipo kuupoteza wa kwao. Kwa upande mwingine, nchi kama Kanada humhesabu kuwa raia wake karibu kila mtoto azaliwaye katika ardhi yake. Basi mtoto wa wazazi Warundi aliyezaliwa Montréal ni Mrundi kwa damu na Mkanada kwa ardhi. Hakuomba wala hakudanganya. Akifika uwanja wa ndege wa Bujumbura na pasi mbili katika mkoba wa mama yake, hana kosa lo lote, na haifai kumsimamisha kando kama mhalifu.

Hapana shaka watakuwapo watakaouliza, mtu atawezaje kuzitumikia nchi mbili? Swali hilo si la kupuuzwa, hasa kambini. Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtoto aletwaye kwao ili aijue lugha na makaburi ya babu zake hajaiacha asili, aletwa aishike. Isitoshe, mataifa yenye kuhofia utii uliogawanyika yamejua mahali pa kuweka kizuizi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humwachia raia wa kuzaliwa uraia wake hata akipata mwingine, ila ibara ya 78 yakataza askari wa majeshi ya ulinzi kuwa na uraia wa nchi mbili. Hata hapo yamsamehe yule aliyefanywa raia na sheria ya nchi nyingine bila ya kuwa na njia ya kuukataa. Uganda nayo iliruhusu uraia wa nchi mbili, lakini sheria yake ya mwaka 2009 ikavifungia vyeo kama vya Rais, wakuu wa majeshi na mkuu wa polisi. Kizuizi kimewekwa kwenye cheo na silaha, hakikuwekwa kwenye utoto.

Hata hivyo, mzazi asidhani kwamba desturi ya nchi moja ni desturi ya zote. Ng'ambo ya Rusizi, Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yasema uraia wa Kongo ni mmoja, wala hauchanganyiki na mwingine. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 1995, humtaka mtoto mwenye uraia wa nchi mbili achague mmoja afikapo utu uzima wa miaka 18. Familia ihamayo yapaswa kuuliza mapema, maana kauli ya mzazi ya leo ni mzigo wa mtoto kesho, siku atakapotaka kuandikishwa jeshini au kupiga kura.

Ndugu Wasikilizaji, liko fundisho lililo karibu nasi zaidi. Wakimbizi wa mwaka 1972 waliishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo huko Tanzania kwa muda wa kizazi kizima, na wengi wa watoto wao walizaliwa huko huko. Mwaka 2007 na 2008 walipewa hiari ya kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia, baada ya kuukana ule wa Burundi. Lakini vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa mwishoni mwa mwaka 2014. Kwa miaka hiyo minne familia hizo zilikuwa zimekwisha ukana uraia mmoja, na wa pili hazikuwa na karatasi ya kuuthibitisha. Tanzania ilitenda jambo la ukarimu ambalo mataifa machache yamelitenda. Lakini hata ukarimu, ukikosa karatasi, humwacha mtoto mlangoni.

Yafaa pia tuwakumbuke akina mama. Sheria ya mwaka 2000 ilimtazama baba kwanza. Mama alimrithisha mtoto uraia hasa pale ambapo baba hakujulikana kisheria, au alipomkana mtoto. Katiba ya mwaka 2005 ikaja na neno pana zaidi, na ile ya mwaka 2018 ikalirudia, kwamba watoto wa wanaume au wa wanawake Warundi wana haki sawa mbele ya sheria ya uraia. Basi binti wa Mutakura aliyeolewa na mgeni, akija dirishani kumtafutia mwanawe hati, asifukuzwe kwa neno la mdomo. Shauri lake lipokewe, lipelekwe kwa wakubwa, na jibu lake liandikwe. Katiba ndiyo mama wa sheria zote.

Nini basi wajibu wa kila mmoja? Mzazi aanzie kwenye daftari la vizazi. Pasi haimpi mtu uraia, huuonyesha tu. Cheti cha kuzaliwa ndicho shina, na mali bila daftari huisha bila habari. Mtoto azaliwaye ugenini aandikishwe huko, kisha apelekwe ubalozini kwetu. Kila mtoto awe na pasi yake mwenyewe, kwa kuwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zataka mtu mmoja pasi moja, wala si mtoto kuandikwa ndani ya pasi ya mzazi. Na ajue kanuni ya kale iliyoandikwa The Hague mwaka 1930, kwamba nchi moja haiwezi kumkinga raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye pia ni raia wake. Pasi ya kigeni si ngao ya kumkinga Mrundi na sheria za Burundi.

Na afisa je? Asilegee. Amwulize mtu mzima aongozanaye na mtoto: huyu ni wa nani, mzazi wa pili yuko wapi, idhini yake iko wapi? Wako wasafirishao watoto wa wenzao kwa karatasi za kuazima, na jicho la afisa ndilo ukuta wa mwisho wa mtoto huyo. Lakini akiisha kuridhika kwamba karatasi ni halali, amfungulie njia kwa adabu. Mtoto huyo ataikumbuka nchi yake kwa uso wa mtu wa kwanza aliyempokea.