Kibarua, Mwajiriwa au Mkandarasi?

 

Nimeombwa niseme machache juu ya sheria ya kazi. Nimechagua jambo moja tu, maana humu ukumbini wamo wenye maduka, malori na karakana, na wamo pia wanaoishi kwa kazi za mkataba. Jambo lenyewe ni hili: mtu huyu unayemlipa ni mwajiriwa wako, au ni mkandarasi anayejitegemea?

Wengi hudhani jibu limo katika karatasi. Mwenye kampuni humwandikia mfagizi wake mkataba wenye kichwa "Mkandarasi wa Kujitegemea", akaona amekwisha jivua mzigo wa likizo, NSSF na notisi. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, haikuukubali ujanja huo. Kifungu cha 61 kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mkataba uwe wa sura yoyote, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa imeonekana hata dalili moja kati ya zilizotajwa. Je, unamwelekeza namna ya kufanya kazi? Unampangia saa? Amekuwa sehemu ya shirika lako? Anakutegemea kwa riziki yake? Unampa vyombo vya kazi? Hana mwingine anayemfanyia kazi ila wewe? Amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita?

Angalieni hizo saa 45. Ni kwa mwezi, si kwa wiki! Mfagizi wa saa tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, amekwisha zipita.

Sasa mtazameni fundi mwashi. Amepatana nawe bei ya ukuta mzima, amekuja na mwiko wake, timazi yake na vijana wake, na wiki ijayo yuko kwa jirani. Huyo ni mkandarasi kweli. Humwulizi amefika saa ngapi, unamdai ukuta.

Tuseme mlinzi wa lango, "mkandarasi" wa karatasi, ameanguka kazini akavunjika nyonga. Mwajiri anayefuata sheria huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wala mchango huo haukatwi katika mshahara wa mtu. Huyu mwenzetu hakumwandikisha mlinzi popote. Mgonjwa yuko hospitali, na mwenye kampuni naye analala macho.

Nanyi mlio wakandarasi wa kweli, wahandisi, wahasibu, wapiga picha, mna lenu. Mteja akigoma kulipa, mlango wenu si Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, bali mahakama ya kawaida, na shauri la mkataba lina muda wa miaka 6. Mwajiriwa aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume. Akizidisha, aombe kwanza kibali cha kuchelewa, akiwa na sababu nzuri. Kwa hiyo asiyejua yuko upande gani aulize mapema, si baada ya kuzungushwa ofisini miezi mitatu kwa "njoo kesho". Na mteja akikukata kodi ya zuio ya asilimia 5, mdai hati yake siku hiyo hiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Waliokuja na mikataba mifukoni wanifuate baada ya chakula, tuisome pamoja.