Mwajiri Ajiandaeje kwa Mgomo?



Reli ipitayo hapa Ngerengere ilibeba mkonge, abiria na habari. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata reli hii hadi bara. Mwajiri mwenye busara hujiandaa. Lakini ajiandaeje?

Wapo wanaodhani kujiandaa ni kutafuta vibarua wa akiba na kumwita mkubwa wa wilaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuwaweka wengine mahali pa waliogoma kihalali, na inakataza kuwafukuza wagomaji hao. Ujira wa siku za mgomo tu ndio mwajiri halazimiki kulipa. Wafanyakazi nao wana wajibu: usuluhishi wa siku 30, kura, kisha taarifa ya saa 48. Siku hizo 30 ndizo maandalizi yenyewe. Mwajiri afungue daftari la mishahara, aketi na kusikiliza. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya 1891, alifundisha kwamba mgomo huzuiwa kwa kuondoa mapema kinachouzaa.

Tena, sheria huruhusu mgomo kwa ajili ya kudai maslahi mapya. Mshahara usiolipwa hudaiwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hatimaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Zamani, chini ya sheria ya 1964, mashauri ya walioachishwa kazi yaliishia kwa Waziri. Kwa hiyo kupanuka kwa mahakama, kama Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki pale Morogoro, ni jambo la kushukuru.

Hata hivyo, fedha za majengo hupitishwa na wanasiasa, na majaji huteuliwa na Rais. Hilo si kosa. Kosa huanza pale mjenzi anapodai hukumu kama kodi ya nyumba. Agosti 2012 Divisheni hiyo iliamuru walimu waliogoma warudi kazini. Mwajiri wao alikuwa Serikali. Aliyeshindwa hutii kwa moyo akiamini kwamba hata Serikali yaweza kushindwa mahali palepale. Imani hiyo ikifa, mgomo utarudi bila kura wala taarifa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Je, mwajiri wetu husikiliza kabla ya mgogoro kukomaa?
2. Mnyonge wa hapa akidhulumiwa ujira, nani atamfikisha mbele ya Tume?